Seniori unaandika wosia wa kuaga shule? Soma hii kabla hujamtumia mhariri

Msimu wake ndo huu. Kuanzia mwezi wa 4 hivi mpaka shule zifungwe, seniori wa hapa Marekani, yani hawa wa darasa la 12 wanaomaliza hai skuli, wanaandika wosia wao wa utani wa kuaga wenzao na walimu, na simu yangu inaanza kujaa meseji za wapwa na watoto wa marafiki, anko nisaidie, anko hii inachekesha au imekaa vibaya, anko nina maneno 75 tu nifanyeje. Nimeona bora niandike yote hapa mara moja, atakayeniuliza tena namtumia linki.

Kwa wazazi ambao hamjawahi kukutana na hii kitu, iko hivi. Kwenye toleo la mwisho la gazeti la shule, au kwenye kile kitabu cha picha cha mwaka, seniori anapewa nafasi kidogo ya kugawa "mali" zake. Anaanza kwa mbwembwe za kisheria, mimi fulani bin fulani, nikiwa na akili timamu na mwili uliochoka, naacha kama ifuatavyo, halafu anaanza kumwaga: fulani wa darasa la 11 namwachia kabati langu la korido pamoja na harufu yake, mwalimu fulani namwachia visingizio vyangu vyote vya kuchelewa. Sio shule zote zinafanya siku hizi, zipo zilizoacha na sababu nitaisema, ila ni jambo la zamani sana. Ukifungua vitabu vya mwaka vya shule za Marekani vya mwanzoni mwa karne ya 20 utakuta wosia wa darasa zima, pembeni yake utabiri wa nani atakuja kuwa nani, na shairi la darasa.

Na kabla ya Wamarekani walikuwepo Warumi. Kuna wosia wa nguruwe wa Kilatini, una zaidi ya miaka 1600, nguruwe alipokaribia kuchinjwa na mpishi, nguruwe mwenyewe akaomba apewe muda kidogo agawe mali yake, basi akawaachia viziwi masikio, wanasheria na wapenda maneno akawaachia ulimi, washona viatu nywele zake ngumu, watoto wa kiume kibofu. Mtakatifu Yeronimo alilalamika kabisa kwenye maandishi yake kwamba wanafunzi wanaukariri huku wanaangua vicheko. Kwahiyo mwanao hajaanzisha kitu kipya, atulie.

Mama yangu mimi hakutulia. Aliokota karatasi yangu ya rasimu chini ya kitanda akasoma "nikiwa na akili timamu naacha", akakaa kimya mpaka baba aliporudi kazini, kikao kikafanyika. Kwetu kijana wa miaka 18 haandiki wosia, ni kujitabiria. Vijana, waelezeni wazazi mapema. Na wazazi, hapa nisieleweke vibaya: huu ni utani wa gazeti, una deadline na una mhariri, ila kama mtoto anagawa vitu vyake kweli kweli, vile anavyovipenda, anaaga watu na hacheki, hiyo ni habari nyingine kabisa na ni moja ya dalili za hatari ya mtu kutaka kujiua, kaa nae umuulize waziwazi bila kuzunguka, na namba ya msaada 988 hapa Marekani inapokea simu na meseji saa 24. Tuendelee.

Mimi najua haya mambo kwa sababu nilipokuwa seniori nilikuwa kwenye timu ya gazeti la shule, na kwa kuwa Kiingereza changu bado kilikuwa kinayumba hawakunipa habari za kuandika, walinipa kazi ya kupokea wosia za watu na kuzipanga kwenye ukurasa. Yani nilisoma za darasa zima, moja baada ya nyingine, hadi jioni, na nakwambia nyingi zilikuwa zinachosha kupita maelezo. "Naacha upendo kwa wote." "Namwachia rafiki yangu kumbukumbu zetu, yeye anajua." Unasoma hamsini za namna hiyo macho yanajifunga yenyewe. Halafu ghafla inatokea moja unacheka peke yako chumbani, na ukiangalia sana utakuta ni zile ambazo mtu ameacha kitu kidogo, kinachoonekana, na anaemwachia anakitambua papo hapo.

Kulikuwa na jamaa wa timu ya basketi, mchezaji wa akiba toka anaanza mpaka anamaliza, akaandika hivi: "Kwa yeyote atakayekuja, naacha kiti cha tatu kutoka mwisho kwenye benchi. Nimekipasha moto kwa miaka 3, tafadhali kisipoe." Basi. Hakuongeza kitu. Ukumbi mzima ulikuwa unamjua kama mtu wa benchi, na hakuna mtu mwingine ambae angeweza kuandika ule mstari bila kuonekana anamkejeli, ila yeye aliweza kwa sababu kiti ni chake. Dada mmoja akamwachia mwalimu wa kemia nyusi yake ya kushoto, "naamini bado ipo mahali fulani maabara." Mimi nilimwachia mwalimu wangu wa Kiingereza kwa wageni zile "the" zote alizonipa, ziko mpya, sijazitumia. Na mdogo wangu aliyekuwa anaingia darasa la 9 nilimwachia jina letu la ukoo likiwa limeshafundishwa kutamkwa kwa walimu wote wa ghorofa ya pili, wa ghorofa ya kwanza akapambane nao mwenyewe.

Umeona wanavyofanana? Kila mmoja anaacha udhaifu wake au usumbufu wake. Hiyo ndo siri nzima ukiniuliza mimi. Mali unayogawa iwe ya kwako kweli, aibu yako, uvivu wako, gari lako bovu, na sio ya huyo unaemtaja. Ukimwachia mtu "mizani" kwa sababu ni mnene, hapo hujaacha kitu chako, umechukua cha kwake ukakianika mbele ya shule nzima, na yeye hana toleo lingine la kukujibu kwa sababu gazeti ndo la mwisho na wewe umeshaondoka.

Vitu visivyogusika nitavitaja haraka maana havina mjadala: mwili wa mtu, nani alimwacha nani, maksi za mtu, hela za kwao, dini yake. Na kwa sisi wageni naongezea makaratasi, yani vibali vya kuishi hapa. Usifanye utani wa makaratasi ya mtu hata kama ni rafiki yako wa damu na mnataniana kila siku kwenye basi, hujui nani anasoma lile gazeti na hujui kwao wako kwenye hatua gani.

Halafu kuna hii ya mafumbo. Watu wanadhani wakiandika kwa herufi za kwanza au kwa msemo wao wa siri hakuna atakaejua. Mwaka wangu kuna mvulana aliandika mstari mmoja umekaa kimya tu, herufi mbili na jina la mahali, mwalimu mlezi wa gazeti akapita hakuona kitu, mimi mwenyewe niliupanga nikiwa sielewi. Siku gazeti linatoka mchana kafeteria nusu ya watu walikuwa wanajua ni binti gani wa darasa la 10 na ilihusu nini. Yule binti alisoma, akalikunja gazeti mara mbili, akaliweka chini ya sinia lake akaendelea kula viazi vyake kama hakuna kitu, na meza yake wote wakanyamaza. Wiki ya mwisho hakuonekana shuleni. Mvulana alizuiwa kupanda jukwaani siku ya mahafali, cheti akatumiwa kwa posta, na mama yake alikuwa ameshaita ndugu kutoka majimbo matatu. Kwa mambo kama haya ndo maana shule nyingine zimefuta kabisa huu utaratibu, na nyingine kila mstari unapita kwa watu wazima wawili au watatu.

Sasa vijana wengi hapo wananiambia, anko, si kuna uhuru wa kujieleza Marekani? Upo, ila gazeti linalogharamiwa na shule lina mambo yake. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Hazelwood, shule ya kule karibu na St. Louis jimbo la Missouri, ambapo mkuu wa shule alitoa kurasa mbili za gazeti la wanafunzi mwaka 1983, na majaji wakasema kwa kura 5 kwa 3 kwamba uongozi unaweza kufanya hivyo ukiwa na sababu ya msingi ya kielimu. Yapo majimbo, California ni mojawapo, yenye sheria zake zinazowapa wanafunzi uhuru zaidi ya hapo. Ila usiende kupigania katiba kwa sababu ya mzaha wa nyusi, mkuu akikata mstari wako andika mwingine.

Na usisahau chuo bado kinakuangalia. Mwaka 2017 Harvard ilifuta nafasi za wanafunzi wasiopungua 10 ambao walikuwa wameshakubaliwa, sababu memes za matusi walizokuwa wanatumiana kwenye grupu la Facebook, tena grupu la faragha. Gazeti la shule sio faragha, siku hizi linawekwa mtandaoni na jina lako kamili juu.

Kingine, usiogope kwamba umejifunga kisheria. Kuna dada aliniuliza kwa huzuni kabisa kama itabidi ampe mtu gitaa lake kwa sababu aliandika. Hapana. Wosia wa kweli kwenye majimbo mengi unataka uwe na miaka 18 na usainiwe mbele ya mashahidi wawili, mistari minne gazetini chini ya tangazo la pizza haimrithishi mtu chochote. Na hilo kabati unaloligawa ni mali ya shule, na sehemu ya paking pia ni ya shule, kwahiyo unagawa vya watu, ndo raha yake.

Walimu nawaweka peke yao kwa sababu wengi mnakosea hapo, ama mnawalamba miguu au mnalipa kisasi. Mtanie mwalimu kwenye mazoea yake, usimguse kwenye uwezo wake. Tulikuwa na mwalimu wa historia kila kengele ikilia anasema "sekunde moja tu" halafu zinakwenda dakika 4. Mtu akamwachia zile dakika zote, zimehesabiwa, akaomba arudishiwe chenji. Mwalimu aliukata ule mstari akaubandika mlangoni, na tulivyosikia mwaka uliofuata bado anachelewesha watu. Ila ukiandika hajui kufundisha, hata kama ni kweli, na wakati mwingine ni kweli, huo ni umbea, hakuna wosia hapo. Mwalimu aliyekuonea muache kabisa usimtaje, nafasi yenyewe ni maneno 75 unampa ya nini.

Wakati huo huo kuna watu hawatajwagi. Dereva wa basi, mama wa kafeteria, mtu wa maktaba, mzee wa usafi wa zamu ya jioni. Rafiki yangu mmoja alimwachia yule mzee samahani kwa kila bigijii iliyo chini ya meza ya sita darasa la biolojia, "na ndio, nilikuwa mimi, na ndio, najua ulikuwa unajua." Tulimpelekea nakala mkononi kwa sababu yeye gazeti la wanafunzi halimfikiagi. Alisoma amesimama, akatoa miwani akairudisha, akasema ni meza ya saba pia.

Mambo madogo madogo ya kumalizia. Andika rasimu ndefu halafu kata, mstari ukihitaji maelezo ufute. Watu watatu waliotajwa vizuri wanatosha kuliko kumi na tano uliowaorodhesha ili wasinune, na watakaonuna watanuna tu. Ukitaka kuweka mstari wa Kiswahili kwa ajili ya bibi au ndugu zako weka, unapendeza sana, ila mpe mwalimu mlezi tafsiri yake siku hiyo hiyo unayotuma, maana asipoelewa ataufuta kwa woga tu na hutalaumu mtu. Muonyeshe unaemtaja kabla hujatuma, akisita hata kidogo toa, usimbembeleze. Tuma siku mbili kabla ya deadline kwa sababu siku ya mwisho mhariri amechoka, anakata kutoka chini bila kusoma. Na majina yetu marefu haya hakikisha umeyaandika sawa herufi kwa herufi, kompyuta zao zinapenda kuyasahihisha zenyewe, mwaka wangu Mwanaidi alitoka Monday.