Maswali na Majibu: Kabla Hujapunguza Inhela ya Kahawia

Nimechagua barua za pumu kwa sababu baridi ya Julai imetufikia hapa Nakuru, na kila mwaka majira haya hurejea kliniki, wakihema, wagonjwa walioacha dawa kiangazi kilipowapa nafuu. Ninaposema ya kahawia namaanisha inhela (kipulizio cha dawa) ya steroidi inayozuia kubanwa kifua, kama vile beklometasoni. Ya buluu ni salbutamoli inayotuliza ukishabanwa. Hata hivyo, soma jina lililoandikwa, kwani rangi hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine.

Nimekaa miezi miwili bila kubanwa kifua, nikaacha ya kahawia. Sasa natumia ya buluu pekee, tena mara chache. Je, nimepona? (Msomaji, Kakamega)

Hujapona. Umetulia, na kilichokutuliza ndicho ulichokiacha. Swali hili nimelijibu katika safu hii mara nyingi, na bado linaletwa kana kwamba ni jipya. Pumu ni uvimbe wa muda mrefu katika njia za hewa. Steroidi huupunguza uvimbe huo polepole, ilhali salbutamoli hulegeza misuli iliyokaza kwa saa chache tu na kuuacha uvimbe ukiendelea. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa kukabiliana na pumu, haupendekezi tena mtu mzima au kijana wa miaka 12 na zaidi atibiwe kwa dawa ya kutuliza peke yake.

Kupunguza dozi kunaruhusiwa, tena ni jambo jema, lakini kuna utaratibu wake. Kwanza pumu iwe imetulia kwa takriban miezi mitatu: huamki usiku kwa kukohoa, kazi zako huzikatizi, wala hutumii ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki. Kisha mhudumu wako wa afya atapunguza dozi kwa robo hadi nusu, na utakaa hapo miezi mingine mitatu kabla ya kufikiria hatua inayofuata. Aliyekuwa akivuta mikrogramu 400 kwa siku hushuka hadi 200, wala harukii sifuri. Usianze una mafua, una mimba au unajiandaa kwa safari ndefu. Dalili zikirudi, rudi kwenye dozi ya awali mapema na umwone mhudumu, badala ya kujikaza ukidhani mwili utazoea. Kwa watu wazima wengi lengo ni kufikia dozi ndogo kabisa inayowatosha, na dozi hiyo kwa kawaida si sifuri.

Je, steroidi ya inhela itanifanya mtumwa wake? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Hofu hiyo ielekeze kwenye ya buluu: anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka, kila moja la mipulizo 200, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa vibaya na pumu, na anayemaliza kopo kila mwezi yumo katika hatari ya kufa.

Mwanangu wa miaka saba anatumia inhela ya steroidi. Mama mkwe anasema itamdumaza. (Mama, Bungoma)

Mama mkwe hajakosea kabisa, na umjibu kwa heshima. Dawa hizi zinaweza kupunguza kasi ya kurefuka, hasa katika mwaka wa kwanza au wa pili, na tofauti inayobaki utu uzimani ni kama sentimita moja. Sasa ilinganishe na mtoto asiyelala, asiyecheza na wenzake, na anayelazwa wodini mara kwa mara. Mpimeni kimo kila anapokwenda kliniki, na daktari amweke kwenye dozi ya chini inayomtosha. Msimpunguzie nyumbani kwa siri.

Nikibanwa, muuza dawa hunipa prednisoloni ya siku tano na napona upesi. Kwa nini nisumbuke na inhela kila siku? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu kidonge hicho nacho ni steroidi, ila huzunguka mwili mzima. Dozi ya inhela hupimwa kwa mikrogramu, lakini vidonge vya mtu mzima aliyeshikwa mara nyingi hufika miligramu 40 kwa siku, yaani mikrogramu 40,000. Kila unaporudia, unaongeza hatari ya kisukari, mifupa dhaifu na mtoto wa jicho. Aliyevimeza kila siku kwa zaidi ya wiki tatu asiache ghafla, kwa kuwa tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili huwa zimelala. Daktari ndiye atakayempunguzia hatua kwa hatua. Na ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, usiende dukani. Vuta ya buluu na ukimbizwe hospitali.

Nakaanga mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa) mtaani Obunga. Daktari amekataa kunipunguzia dozi. (Msomaji, Kisumu)

Amefanya vyema. Moshi wa kila siku huchochea uvimbe ule ule ambao dawa inajaribu kuutuliza, kwa hiyo dozi inayomtosha mwenzako wa ofisini haitakutosha wewe. Najua jiko ndilo linalokulisha. Basi likae mahali pa wazi, kuni ziwe kavu, nawe usimame upande upepo unakotoka. Ndugu zetu wa Muhoroni wanaoishi kando ya mashamba ya miwa nao wasianze kupunguza wakati miwa inachomwa.

Mayai ya kware yanatibu pumu? (Msomaji, Mumias)

Hayatibu. Nilidhani tulimalizana na uvumi huo mwaka 2014.

Ya kahawia inaniletea utando mweupe mdomoni. Niiache? (Msomaji, Eldoret)

Usiiache. Ni fangasi: waonyeshe kliniki upewe dawa yake, kisha kila ukivuta sukutua kwa maji na uteme. Vuta kupitia speisa, chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo, ili dawa ifike mapafuni badala ya kubaki kooni. Ukikosa cha kununua, mwombe mhudumu akuonyeshe jinsi ya kutengeneza cha chupa ya plastiki ya nusu lita.

Nitajuaje inhela imeisha? (Msomaji, Kericho)

Usiiweke majini uone kama inaelea, kipimo hicho hudanganya. Kama haina kihesabio, gawanya mipulizo iliyoandikwa kwenye kopo kwa mipulizo yako ya siku: 200 kwa minne ni siku 50. Andika juu ya kopo tarehe uliyoanza, na ununue jingine wiki moja kabla.