Sherehe ya kuzaliwa shambani kiangazi kikianza: panga saa kwanza

Kila mwaka kiangazi kikianza, ndugu zangu wa mjini hunipigia simu na swali lilelile: sherehe ya mtoto ni saa ngapi? Nami huwajibu, kamuulizeni ng'ombe. Siku hizi hawacheki, wameshajua sitanii.

Anayeishi shambani hapangi sherehe kwa kutazama kalenda peke yake. Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa asubuhi na jioni. Ukimchelewesha kiwele kinajaa na kuuma, na ukizoea kumchelewesha unamtafutia ugonjwa wa kiwele. Kuku wanataka kufungiwa kabla ya giza. Bustani nayo inataka maji jua likiwa halijapanda, au likiwa limeshashuka. Katikati ya kazi hizo kuna mwanya, na humo ndimo sherehe inamokaa. Ukishaujua mwanya wako, mengine yanajipanga.

Mwanya wa mchana mimi siutaki kabisa. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri jua la kiangazi ni kali mno, wazee wanachoka na watoto wanaanza kulia bila sababu. Kwa mtoto mdogo, au bibi anayelala mapema, nachagua asubuhi, maziwa yakishachujwa na kazi za zizini zikiisha. Kwa wengine wote ni alasiri, kuanzia saa kumi hivi. Hapo inabidi ukamuaji wa jioni usogee kidogo, nao usisogezwe siku ileile. Anza siku kadhaa kabla, dakika chache chache kila siku, ng'ombe azoee. Anayependa kushtukizwa ni mtu, si mnyama.

Walio mbali na ikweta wanapata nafasi kubwa zaidi, maana mwanzo wa kiangazi mchana wao ni mrefu: kaskazini mwa ikweta siku ndefu kuliko zote huwa tarehe 20 au 21 Juni, na kusini huwa tarehe 21 au 22 Desemba. Unaweza kukamua, kuoga, ukarudi mezani na bado unaona sahani yako. Ukiwa karibu na ikweta mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima na giza halisubiri mtu, kwa hiyo keki ikatwe mapema na taa ziwe tayari.

Halafu kuna nyasi. Hapa watu wa mjini hunishangaa kweli. Nyasi za kukausha hukatwa zinapoanza kuchanua. Ukiziacha zikomaze mbegu zinakuwa ngumu na lishe yake inapungua. Zikishakatwa zinahitaji siku kadhaa za jua bila mvua. Sasa zikiwa tayari siku ileile ya sherehe, na mawingu yanajikusanya, kinachosogezwa ni sherehe. Wifi yangu aliwahi kushuka garini na zawadi mkononi akakuta tumeshika uma za nyasi. "Wifi, tumekuja kula keki au kubeba nyasi?" Nikamwambia vyote viwili, tena tuanze na nyasi kabla mvua haijatuwahi. Alibeba. Watoto wake mpaka leo wanaisifu siku ile kuliko sherehe yoyote ya ukumbini, kwa sababu waliruhusiwa kupanda juu ya lundo. Ushauri wangu ni kuwaambia wageni tangu mwanzo kwamba tarehe inaweza kusogea siku mbili tatu mbele, na waje na nguo za kuchafua.

Mahali pa kukaa, tazama kivuli cha saa ile utakayosherehekea, usitazame cha asubuhi unapopanga viti. Alasiri jua liko magharibi, hivyo kivuli cha mti au cha nyumba huangukia mashariki na kuzidi kurefuka. Meza iliyowekwa upande wa mashariki wa mti itakaa kivulini hadi mwisho. Ukiiweka magharibi utakuwa unaihamisha kila baada ya muda, na hakuna anayefurahia sherehe ya kuhamahama. Angalia pia upepo unatoka wapi: zizi lisiwe upande unaovumia kuja mezani. Nzi hawahitaji kadi ya mwaliko.

Kuhusu keki nina msimamo. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi za Selsiasi, na kabla ya hapo imeshalegea, kwa hiyo ile keki ndefu yenye maua ya aisingi ya siagi haifai nje kiangazini. Mimi naoka keki kavu, ya tabaka moja, naipaka asali juu na kuipanga matunda dakika za mwisho. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata ya kulamba kidoleni, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyomletea mtoto mchanga sumu hatari tumboni. Vyakula vya maziwa, mayai na nyama visikae nje zaidi ya saa 2. Joto likipita nyuzi 32, saa 1 inatosha. Natoa kidogo kidogo na kingine kinabaki ndani. Ambako hakuna friji, maji ya kunywa hupoa vizuri kwenye mtungi wa udongo uliowekwa kivulini penye upepo, na chupa ya juisi ukiivika kitambaa kibichi inapoa kwa namna hiyohiyo. Hewa ikiwa na unyevu mwingi mbinu hii haina nguvu sana.

Vinywaji vitamu vifunikwe. Nyuki na nyigu huingia kwenye kikombe kimyakimya, na kuumwa ndani ya mdomo si jambo la kuchezea. Mwambie kila mtoto achungulie kabla ya kunywa.

Maputo sinunui. Yakipasuka ndama wanakurupuka, na vipande vyake pamoja na tepe vinaishia majanini. Ng'ombe hana desturi ya kuchagua anachomeza. Mpira na plastiki vinaweza kumziba tumbo. Kiangazi kinapoanza maua yamejaa kila ukingo wa shamba, na watoto ukiwapa kikapu wanaleta mengi kuliko meza inavyoweza kubeba. Mishumaa inabaki, ila majani yakishakauka iwashwe mezani tu, ndoo ya maji ikiwa karibu. Nikiona mtu anataka kuwasha fataki kwenye nyasi kavu, namwomba kwa heshima azirudishe alikozitoa.

Watoto wa wageni wapewe maelezo mafupi kabla hawajatawanyika. Mimi nina mambo mawili tu, maana ukiwapa kumi hawashiki hata moja. Lango uliache kama ulivyolikuta: lilikuwa limefungwa, lifunge, lilikuwa wazi, liache wazi. Na penye maji hakuna mtoto anayekwenda bila mtu mzima. Hili la pili halitoshi kwa maneno. Bwawa, kisima, hata pipa la kunyweshea mifugo, ni hatari, na mtoto anayezama aghalabu hapigi kelele. Kukiwa na watu wazima wengi kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia, kwa hiyo ninamtaja mtu kwa jina: shemeji, hadi keki ikatwe wewe ndiye jicho la bwawani, baadaye nakuja kukupokea.

Zaidi ya hayo, sherehe ya shambani haihitaji burudani ya kukodi. Kitu ambacho kwetu kimeshika mizizi ni kumsimulia mwenye siku namna siku aliyozaliwa ilivyokuwa. Kila aliyekuwepo anatoa kipande chake. Bibi anaanza, kwa sababu ndiye aliyekesha. Anasema usiku ule kulikuwa na joto hadi mbwa walilala kwenye tope. Baba mdogo anakatiza: hapana mama, mvua ilinyesha, mimi ndiye niliyekwama njiani na baiskeli. Wanabishana. Mtoto mwenyewe anageuza kichwa huku na huku akiwatazama wanaogombea siku yake, mdomo wazi, keki imesahaulika mkononi. Mwaka unaofuata wanabishana tena, na baba mdogo anaongeza tope kwenye hadithi yake. Nimewahi kumwona kijana mkubwa, wa umri ule wa kujifanya hana haja na watu, akisogeza kiti taratibu ili asikie vizuri.

Kama nyumbani kuna mzee anayekumbuka, mwombe mapema ajiandae, kisha mrekodi kwa simu. Usimkalishe mbele za watu ghafla ukamwambia haya, simulia. Wengine hufunga mdomo wakitazamwa. Mpe kazi ya mikono, kumenya matunda kwa mfano, na maneno yatakuja yenyewe.

Zawadi ndiyo inayoleta ushauri mwingi nisioukubali. Wengi husema mpandie mtoto mti siku yake ya kuzaliwa. Wazo zuri, msimu mbaya. Mche uliohamishwa jua linapoanza kuwaka, na mvua hazipo, utakudai maji kila siku, na ukifa mtoto ataona kama ni jambo baya juu yake. Mpe mche ukiwa bado kwenye mfuko wake, aulee kivulini kama mnyama wake mwenyewe, kisha mvua zikianza, au joto likipungua, mkaupande pamoja. Au mpe kitu kinachoendana na msimu: kisu kidogo cha bustani kwa aliyefikia umri, kofia pana, tuta moja la bustani ambalo mazao yake ni yake kuamua.

Zawadi nyingine haina gharama, nayo watu wazima ndio wanaoililia: kutofanya kazi siku hiyo. Mama mwenye siku yake asikamue, asipike, asioshe hata kijiko. Kazi zake zigawanywe jana yake kwa majina, vinginevyo utamkuta jikoni akisema "namalizia hiki tu". Baba naye ni hivyohivyo, ingawa wa kwetu ukimnyima kazi anazunguka tu akikagua uzio.

Wageni wakiondoka, usimwachie mtoto amwage mabaki ovyo akidhani anawakarimu wanyama. Kuku wanaweza kupata makombo machache ya keki, lakini si vyakula vya chumvi nyingi wala parachichi. Mbwa asipewe chokoleti wala zabibu, mbichi au kavu. Tepe, vifuniko na vijiti vya mishumaa viokotwe jioni ileile, kabla ng'ombe hawajafunguliwa asubuhi.