Maswali na majibu: PDF hiyo ni picha tu

Nimempa mwanafunzi wangu asiyeona notsi za PDF, lakini NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, inasema hati ni tupu. Kompyuta imeharibika?

Kompyuta ni nzima, faili ndilo bovu. Swali hili linarudi kila muhula, na jibu ni lile lile: mliskani karatasi mkapata picha ya karatasi. Jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa, humo hamna maandishi. Mtafute aliyechapa notsi akupe faili la Word. Likikosekana, skani upya kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), karatasi ikiwa imenyooka, kisha pitisha OCR, yaani programu inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi, ukichagua lugha ya Kiswahili. Halafu kaa usome mstari kwa mstari: ng'ombe hugeuka ngombe, herufi l hugeuka 1, na safu mbili za jedwali huchanganyika kama pilau. Vichwa vya habari viwekee mtindo wa Heading 1 na Heading 2. Kukoleza wino hakumsaidii anayebonyeza H ili aruke toka kichwa hadi kichwa. Mwisho hifadhi kwa Save As, chaguo la tagi za muundo (alama zilizofichwa zinazoiambia NVDA kipi ni kichwa, kipi ni aya) likiwa na alama ya vema. Ukipitia Print, tagi zinapotea na jioni yako imekwenda na maji.

Ni lazima tununue programu ya bei kubwa?

Hapana, NVDA ni bure. Nunueni hedifoni: kompyuta kumi zikisema kwa pamoja, darasa linakuwa soko la samaki.

Kwenye tovuti yetu, sauti inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kizungu.

Ukurasa hautaji lugha yake. Weka lang="sw" kwenye tagi ya html. Sauti ya eSpeak iliyomo ndani ya NVDA inakijua Kiswahili. Si tamu, ila inatamka.

Picha zote nimeziandikia maandishi mbadala "picha". Inatosha?

Programu imeshasema ni picha kabla yako. Andika kinachofundishwa: "Moyo, mishale inaonyesha damu ikitoka ventrikali ya kushoto kwenda aota." Ya urembo iachie alt="", yaani maandishi mbadala matupu.

Mbunifu wetu anapenda maandishi ya kijivu. Tumkatalie?

Mpimeni. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikiwa na wote, inataka uwiano wa mng'ao kati ya maandishi na mandharinyuma wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Rangi #777777 juu ya nyeupe inapata 4.48: imefeli. #767676 inapita, lakini msikae mpakani. Mwenye uoni hafifu anasomea simu yenye kioo kilichokwaruzika, tena juani. #595959 inafika 7 kwa 1, na bado ni kijivu.

Fomu ya usajili tumeijaribu, inafanya kazi.

Mmeijaribu kwa kipanya. Kichomoeni, mjaze yote kwa Tab, Shift+Tab, Enter na kitufe cha nafasi. Mkipotea msijue mko kisanduku gani, fungueni CSS (faili la mwonekano wa ukurasa) mtafute outline: none, amri inayoficha fremu ya kuonyesha mlipo, muifute. Na maandishi hafifu yaliyo ndani ya kisanduku si lebo: mtu akianza kuandika tu, yameshatoweka.