Begi la Kilimanjaro halifai Newala

Msomaji mmoja wa Masasi ameandika kuuliza anunue koti gani la baridi. Yeye na mwenzake wanapanga safari yao ya kwanza ya begi mgongoni: kuteremka kutoka Newala hadi bonde la Ruvuma, kulala huko usiku mmoja, kesho yake kupanda kurudi. Orodha yake ina koti, glavu, kofia ya sufu na suruali mbili nzito. Maji ni lita 1 na nusu kwa kila mtu.

Orodha hiyo imenakiliwa kwenye maelekezo ya Kilimanjaro, na hapo ndipo wanaoanza huku kusini wanapoponzeka. Kule unapanda kwanza, baridi iko juu, na mzigo mkubwa wanao wapagazi. Newala unaanzia juu. Siku ya kwanza unashuka huku unacheka, mandhari ya Shimo la Mungu, bonde kubwa chini ya ukingo wa Newala, mbele yako. Mlima unakudai siku ya pili, miguu ikiwa imeshachoka. Kwa hiyo safari ya kurudi ianze saa 12 asubuhi, siyo baada ya chai na picha. Ukichelewa hadi saa 4, mteremko uliokufurahisha jana utaupanda na jua la utosi.

Sasa maji. Udongo wa nyanda za juu za Makonde ni wa kichanga, mvua inazama chini, na chemchemi hutokea huko mabondeni. Ndiyo maana tangu zamani akina mama walishuka mbali kuchota, na hadi leo nyumba nyingi zinavuna maji ya mvua kwenye mabati. Mvua za huku ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Ukipita Septemba usitegemee kugonga hodi ujaziwe chupa bure. Ni maji ya watu ya kiangazi. Nunua. Kadiria nusu lita kwa saa ya kutembea, na hadi lita nzima wakati wa kupanda juani. Beba lita 4.

Lita 4 ni kilo 4, na hapo ndipo koti linapokosa nafasi. Mtu wa kilo 60 asizidishe kilo 12 mgongoni. Begi tupu kilo 1 na nusu, hema kilo 2, shuka na mkeka kilo 1, nguo kilo 1, chakula cha siku mbili kilo 1 na nusu, sufuria, tochi na dawa chini kidogo ya kilo 1. Ongeza maji, umefika. Baridi ya Juni na Julai Newala ipo, lakini sweta moja inaitosha. Pima begi kwenye mizani ya duka la nafaka, mkono hudanganya.

Maji yagawe kwenye chupa za lita 1 na nusu, usibebe dumu moja. Dumu likifika nusu maji huchezacheza na kukuyumbisha, na likitoboka umepoteza yote. Chupa zikae katikati ya begi, zikigusa mgongo. Kisha legeza mikanda yote, vaa, funga mkanda wa kiuno juu ya mifupa ya nyonga, ukaze huo kwanza, mabega baadaye. Mabega yakiuma baada ya nusu saa, mkanda wa kiuno umeshuka. Na dumu la shambani usiazime kamwe, hata likinukia sabuni: huenda lilibeba dawa ya mikorosho.

Tukiwa kwenye mikorosho: korosho mbichi usiipasue kwa meno wala kuichoma motoni kambini. Mafuta ya ganda lake yanaunguza midomo na ngozi, moshi wake unawasha macho. Isitoshe, hata iliyoanguka ina mwenyewe. Nunua zilizobanguliwa.

Mchanga huingia kwenye raba, unachanganyika na jasho, na malengelenge yanaanza kisiginoni. Kunung'unika hakusaidii, simama pale pale unaposikia joto la msuguano, kung'uta kiatu, kausha mguu, bandika plasta pana. Soksi za pamba hushika jasho, kwa hiyo beba jozi ya pili, ubadilishe kila baada ya saa mbili.

Mtoni, chota pale wanakijiji wanapochota, kwa sababu Ruvuma ina mamba na viboko. Chuja maji kwa kitambaa safi, yachemshe hadi yatokote kwa nguvu dakika 1 nzima. Kidonge cha klorini huhitaji dakika 30, na kwenye maji ya tope hakifanyi kazi vizuri. Hema lisikae ukingoni wala kwenye njia ya viboko. Jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni na giza halikawii, kwa hiyo saa 11 uwe umeshasimamisha.

Kabla ya yote hayo, nenda na kitambulisho kwa mtendaji wa kijiji kabla hujateremka. Ng'ambo ni Msumbiji, na tangu machafuko ya jimbo lake la Cabo Delgado yaanze mwaka 2017, mgeni mwenye begi kubwa kando ya mto ataulizwa maswali. Mtendaji akisema msiende, msiende. Nendeni Msimbati, pwani ya Mtwara, mkatembee ufukweni, ila siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, ulizeni wavuvi saa ya maji kujaa kabla hamjavuka vijito vya mikoko.