Zawadi isiyo na jina, khanga yenye jina

Juma lililopita nilikaa nyuma kabisa ya ukumbi mmoja hapa Dar es Salaam, nikiwasikiliza vijana sita wakiwasilisha mawazo ya kampuni changa zao, na wawili kati yao, bila kujuana, walileta wazo la kutuma zawadi pasipo mtoaji kujulikana. Slaidi zao zilikuwa nzuri kuliko zangu za wakati ule nilipokuwa nikiuza wazo hilohilo. Ya nne, kwa wote wawili, ilikuwa ileile niliyowahi kuionyesha mimi: duara kubwa la kijani, na maneno kwamba karibu wote waliojaza dodoso wangeitumia huduma hiyo. Ukumbi ukapiga makofi, nami nikainama kama mtu ambaye picha yake ya utotoni inapitishwa mbele ya wakwe.

Wadogo zangu, duara hilo la kijani lilinigharimu miezi tisa, akiba yangu yote, na ujirani wa wanawake wawili ambao hawakuwa wamenikosea chochote. Ndiyo maana nawaandikia, na mtanisamehe nikikosa subira mahali pawili patatu.

1. Msiulize "ungetumia?" Mtu akiulizwa swali hilo na kijana mwenye daftari na matumaini, adabu inamtaka aseme ndiyo, naye atasema ndiyo kwa moyo mweupe, kama mgeni anavyousifu mchuzi uliozidi chumvi. Muulizeni mara ya mwisho alimpa nani zawadi, aliinunua wapi, ilifikaje, na mpokeaji alisema nini.

2. Jueni kama mnaulizia sadaka au zawadi. Mimi sikujua, na watu zaidi ya 60 niliowahoji hawakuwa na wajibu wa kunifundisha. Wengi walinitajia mkono wa kushoto usiojua kinachotolewa na wa kulia: Wakristo kutoka Mathayo sura ya 6, Waislamu kutoka hadithi ya watu saba watakaopewa kivuli siku ambayo hakuna kivuli ila cha Mwenyezi Mungu. Nikaandika kwa wino mzito kwamba uhitaji umethibitishwa. Kumbe walikuwa wananijibu kuhusu sadaka, ambayo hufichwa ili mpokeaji asitahayari na mtoaji asijikweze, ilhali mimi nilikuwa nauza zawadi, ambayo hutolewa ili watu wawili wafungamane, na kwa hiyo hutajwa. Tazameni kamati ya harusi yoyote: orodha ya michango inapandishwa kwenye kundi la WhatsApp kila asubuhi, jina na kiasi, nani amekamilisha na nani bado ni ahadi tu. Anayekwenda kumtunza bibi harusi hucheza tangu mlangoni, noti ikiwa juu. Hata pesa za simu, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na hapa kwetu mwaka uliofuata, humfikia mpokeaji pamoja na jina la aliyetuma, na katika wote niliowahoji hakuna aliyelilalamikia jina hilo. Walilalamikia makato.

3. Mtu akiwauliza swali, liandikeni, msilijibu. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikwenda Kariakoo kutafuta khanga za jumla. Mama mwenye duka alinisikiliza hadi mwisho huku akikunja doti, kisha akauliza, "Sasa huyo anayepokea, hilo jina atajua limetoka kwa nani?" Mnaijua khanga: pindo pande zote, mji katikati, na jina, yaani ule msemo ulioandikwa, chini ya mji. Nikamjibu upesi, kwa furaha ya mtu aliyejiandaa kwa maswali: "Mama, siku hizi watu hawasomi majina, wanaangalia rangi." Akanitazama kwa upole ambao wakati ule niliuona kuwa ni kutoelewa. "Khanga haikai kimya, mwanangu. Usipomwambia imetoka kwa nani, atajitafutia mwenyewe." Nikacheka, nikanunua doti 40, na usiku ule katika jedwali la maoni nikaandika kwenye mstari wake: "Mtu mzima, si mteja tunayemlenga." Jedwali hilo ninalo hadi leo.

Tulifungua huduma mwezi Februari, siku chache kabla ya Siku ya Wapendanao. Miongoni mwa oda za kwanza ilikuwa ya dada mmoja wa Mwanza, aliyetaka kumshukuru wifi yake wa Tabata kwa kumuuguza mama mkwe kwa miezi mingi. Hakutaka kutajwa, kwa kuwa ndugu zake wengine hawakuwa wametoa chochote, na alijua kwamba zawadi yake ingesomeka kama kuwasema. Sababu safi kabisa. Ningeweza kuipigia mfano kwenye slaidi. Alichagua doti ya khanga, rangi nyekundu. Jina hakuchagua, kwa sababu sehemu ya kuchagua jina nilikuwa nimeiondoa mwenyewe ili fomu iwe fupi. Kifurushi hicho nilikifunga kwa mikono yangu saa nne usiku. Nikachukua nyekundu iliyokuwa juu, nikaikunja maandishi yakiwa ndani, nikafunga utepe. Maandishi yalisema: "Hasidi hana sababu."

Kijana wa bodaboda alikifikisha saa tatu asubuhi. Mpokeaji alikifungua barazani, akaitandaza khanga magotini, akasoma. Juma hilohilo alikuwa amegombana na jirani yake kuhusu bomba la maji wanalolichangia, na kwa mtu aliyetoka kugombana, khanga ya namna ile isiyo na mwenyewe haina mwandishi mwingine ila jirani. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeyasikia ya bomba na mengine ya miaka ya nyuma. Alasiri nilipigiwa simu kutoka ofisi ya serikali ya mtaa, kwa kuwa namba pekee iliyokuwa juu ya kifurushi ilikuwa yangu.

Nilikaa kwenye benchi, khanga ikiwa imekunjuliwa mezani kama kielelezo mahakamani. Mwenyekiti wa mtaa hakunikaripia. Aliuliza swali moja tu, nani ametuma, nami nikaanza kumweleza sera yetu ya usiri kwa maneno yaleyale niliyowaelezea wawekezaji, mpaka nikafika kwenye "jukwaa" na "uzoefu wa mtumiaji." Yule jirani, mama wa makamo aliyekuwa akijifuta machozi kwa upindo wa khanga yake mwenyewe iliyopauka, akanikatiza: "Baba, mimi ningekuwa na pesa ya doti, si ningejinunulia?"

Nikamtaja aliyetuma. Ahadi pekee tuliyokuwa tunaiuza niliivunja kwa muda usiozidi dakika kumi, na hata leo naona sikuwa na njia nyingine, maana mtu asiye na hatia alikuwa analia mbele yangu. Kisha nikatoka nje kumpigia dada wa Mwanza. Alinyamaza muda mrefu, akauliza, "Na kaka ameshajua?" Nikamwambia ndiyo. Akakata simu. Jioni ile ndugu wote walijua, na kile alichokuwa anakikwepa kwa kuninunua mimi ndicho nilichompelekea hadi mlangoni. Pesa yake nilimrudishia, lakini hakuijibu hata risiti.

Uchungu wa jambo hili si kwamba nilikosa maoni. Maoni nilikuwa nayo, mstari wa 23 wa jedwali, yakiwa na alama ya kuulizia, nami nikayafunika kwa jibu.

4. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nanyi mnachukua namba na makazi ya mpokeaji kutoka kwa mtu mwingine bila yeye kujua. Isomeni kabla wakili wa mwekezaji hajawasomea.

5. Lipisheni mapema, hata shilingi 2,000. Katika huduma yetu waliolipa mara ya pili hawakuwa wapenzi wa Februari, bali wachache waliokuwa wakipeleka sare na madaftari kwa mtoto wa mtu wanayemfahamu, wakitaka yapite kwa mwalimu mkuu ili mzazi asijione anadaiwa. Mwalimu mkuu alijua nani ametoa; mtoto hakujua, wala hakuhangaika kumtafuta, kwa sababu kitu kilitoka kwenye mkono anaoufahamu. Hilo nililiona miezi minne baadaye, fedha zikiwa zimekwisha.

Baada ya makofi, mmoja wa wale wawili alinifuata, akanisalimia kwa heshima, akauliza, "Kaka, wazo langu unalionaje?" Nikamuuliza: mpokeaji akipiga simu usiku kutaka kujua nani ametuma, nani ataipokea? Sikuwa nimefunga mdomo. "Tutaweka roboti ya kujibu ujumbe," akasema, akitabasamu. Nikamwelekeza lile duka la Kariakoo, aende asubuhi kabla wateja hawajajaa, akamwamkie mama na kukaa pembeni. Kompyuta aiache nyumbani.