Kigari changu kilichopoteza kifaru

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: ni kitu gani kidogo nyumbani kwako ambacho huwezi kukiuza kwa bei yoyote?

Changu kinaenea kiganjani. Ni kigari cha kuchezea cha kampuni ya Corgi, Volkswagen mgongo wa kobe, nyekundu ya kuelekea machungwa, namba 18 mlangoni, na maandishi ya East African Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Kilitengenezwa Wales miaka ya 1960, kwa zinki iliyoyeyushwa na kusukumwa kwenye kalibu, ndiyo maana ni kizito hivyo. Ndani ya boksi lake alikuwemo kifaru wa plastiki.

Marehemu baba ndiye aliyeniletea, tukikaa Kaloleni. Wenzangu walikuwa na magari ya waya, mazuri kweli, lakini hiki kilikuwa na safari yetu ubavuni. Baba aliishabikia Volkswagen sana. Alizitaja 1954, 1957 na 1962, miaka iliposhinda Safari, kama mtu anayetaja siku za kuzaliwa za wanawe.

Jumamosi nilikitoa kwenye kopo la Kimbo ili nimwonyeshe mjukuu wangu. Akachungulia dirishani, akaniuliza, "Babu, usukani uko wapi?" Nikamwambia azungushe tairi la akiba lililo juu ya paa. Alipolizungusha, magurudumu ya mbele yakageuka. Akanyamaza, akalizungusha tena, akainama mpaka jicho likakaribia sakafu. Mimi nilifanya vivyo hivyo, umri uleule, kwenye baraza ya simenti. Sijaona kifaa cha kuchezea kilichobuniwa kwa akili kuliko hicho, na nimekusanya vigari zaidi ya arobaini.

Rangi imebanduka kwenye bampa na juu ya taa. Wapo wanaonishauri nikipake upya. Sikubali. Michubuko ile ni ya changarawe ya uani kwetu, na kila mmoja niliutia mwenyewe.

Kifaru alichukuliwa na maji ya mtaro msimu mmoja wa masika. Nilimtafuta siku tatu, nimevua viatu, na baba akaja kunisaidia akiwa bado na nguo za kazi. Nasikia siku hizi wanauza vifaru vya badala kwa ajili ya wakusanyaji kama mimi. Sijaagiza. Yule niliyemtafuta na baba alikuwa mmoja tu, na nafasi yake kwenye kopo nimeiacha wazi.