Mume msanii, talaka na nyimbo: kinachogawanywa ni nini hasa?

Dada mleta mada, pole kwa unayopitia. Kwa kifupi umesema hivi: mumeo ni mwanamuziki wa Bongo Fleva, ndoa ilifungwa 2015, sasa mnaachana. Yeye anadai nyimbo ni kipaji chake, hazigawanyiki. Nyumba ya Bunju imeandikwa jina la mama yake, kwa hiyo mlichobakiwa nacho ni gari na vyombo vya ndani. Wachangiaji wengi wamekujibu kuhusu nyumba. Mimi naanza na nyimbo, maana huko ndiko wake na waume wa wasanii wanakoacha hela nyingi bila kujua.

Kipaji hakigawanywi, hapo yuko sahihi. Hata haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi hubaki kwake. Lakini wimbo uliokwisha kurekodiwa ni mali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inatenganisha haki ya kimaadili (kama hiyo ya kutajwa) na haki ya kiuchumi (ya kuingiza hela kwa kazi hiyo). Hii ya pili inauzwa, inarithiwa, na inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kitu ambacho watoto watakirithi hakiwezi kugeuka kipaji siku ya talaka. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema kinachogawanywa ni mali zilizopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja. Hakikusema viwanja na magari tu. Wenzetu wa Marekani walishalipitia hili: California mwaka 1987 mahakama ya rufaa ilisema hakimiliki za vitabu vilivyoandikwa wakati wa ndoa ni mali ya wote wawili, na mwaka 2000, katika kesi ya mchoraji wa Louisiana, ikaamuliwa kuwa msanii abaki na usimamizi wa kazi zake, ila mwenza apate sehemu ya faida yake. Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, lakini wakili wako anaweza kuziweka mezani kama hoja ya ushawishi.

Sasa jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote: usiulize hela imeingia lini, uliza kazi ilitengenezwa lini. Wimbo uliorekodiwa 2018 ukilipa 2027, hayo ni matunda ya kazi ya ndani ya ndoa. Albamu atakayoingia studio kuirekodi baada ya talaka ni yake. Ugomvi mkubwa uko katikati, kwenye nyimbo zilizorekodiwa mkiwa pamoja kisha zikafungiwa kabatini zitoke baada ya hukumu. Hapo ushahidi ni tarehe za mafaili ya studio, risiti za prodyuza, na meseji za kutumiana demo.

Angalia pia ISRC, ile namba ya utambulisho ya kila rekodi. Ina herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo za msajili, tatu za mtoaji, mbili za mwaka, tano za mwisho za rekodi yenyewe. Ukiona QZ mwanzoni usidhani wimbo si wa Tanzania, ni kwamba msambazaji (kampuni inayopandisha nyimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni) ametumia namba zilizotolewa Marekani. Zile mbili za mwaka zinaonyesha namba ilitolewa lini, siyo wimbo ulirekodiwa lini. Upande wa pili ukisema "namba ni ya mwaka huu, wimbo ni mpya", hoja hiyo haijitoshelezi. Na kuna mchezo unaochezwa sana: wimbo unashushwa kwenye majukwaa, unapandishwa upya kwa ISRC mpya na akaunti mpya ya malipo. Kwenye karatasi unaonekana wimbo mwingine, masikioni ni uleule.

Kuhusu mchango wako: kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983 ndiyo iliyofungua mlango, Mahakama ya Rufani ikakubali kuwa kazi za nyumbani na malezi ni mchango. Watu wanaishia hapo. Wasichosema ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alishinda hoja akakosa mgawo, kwa sababu mahakama iliona hela za mradi wa familia alizokabidhiwa alizifuja. Maana yake kiwango cha mchango ni suala la ushahidi, na nusu kwa nusu haiji yenyewe. Wewe umesema ulikuwa unapokea simu za shoo, unashona mavazi ya jukwaani, na mshahara wako ulilipia video mbili za mwanzo. Hayo ni mazito kuliko "nilikuwa mke mwema". Toa miamala ya simu na ya benki, toa meseji za mapromota walizokuandikia wewe. Kila kimoja kiwe na tarehe na kiasi.

Kwenye hesabu ndipo pande zote mbili hudanganyana. Tuchukue mfano tu: ripoti ya msambazaji inaonyesha katalogi, yaani nyimbo zake zote zilizotoka, imeingiza dola 4,000 kwa mwaka. Msambazaji anachukua asilimia 15, zinabaki 3,400. Prodyuza ana robo, yaani 850, zinabaki 2,550. Menejimenti asilimia 20, yaani 510. Kilichofika mkononi ni 2,040, na kodi bado. Ukidai nusu ya 4,000 utapoteza imani ya hakimu. Yeye naye akileta makato bila mikataba, usikubali. Kila asilimia ionyeshwe karatasi yake. Kwenye shoo ni vivyo hivyo: malipo huja mara mbili, advansi kabla na salio baada, na mara nyingi mkataba unaonyesha moja tu.

Kuthamini katalogi nzima kwa bei moja sikushauri kwa msanii wa kawaida. Nyimbo nyingi hukusanya sehemu kubwa ya hela zake mwaka wa kwanza kisha mapato hushuka, hivyo ukichukua mwaka wa hit na kuuzidisha mara kumi unapata namba ya ndoto. Kama lazima kuthamini, chukua wastani wa miaka 3 kwa nyimbo zilizokwisha kutulia, mpya zihesabiwe peke yake. Njia iliyo salama zaidi ni asilimia ya mapato halisi yanavyoingia. Amri au hati ya makubaliano iwe na jedwali la nyimbo kwa jina na ISRC. Itaje remix, toleo la jukwaani na kurekodiwa upya. Ripoti ije kila baada ya miezi mitatu, malipo ndani ya siku 14, na uwe na haki ya kuona ripoti ghafi za msambazaji. Ieleze pia kitakachofanyika katalogi ikiuzwa au yeye akifariki. Wengi husahau hilo la kifo, wakaja kugombana na warithi.

Chaneli ya YouTube usiidai yenyewe. Akaunti ya malipo ni ya mtu aliyesajiliwa, haihamishwi jina. Dai fungu la malipo. Ripoti zake zinapakuliwa kwa mwezi na kwa video, hivyo kujua wimbo upi umeingiza nini si kazi ngumu.

Usiingie kwenye simu au barua pepe yake kwa siri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalifanya hilo kosa la jinai, na utampa silaha ya bure. Wakili aombe mahakamani amri ya kuleta nyaraka, na kama kuna dalili za kuuza haki, aombe zuio la muda mapema. Akishauza haki zote kwa lebo, kinachobaki kufuatilia ni hela ya mauzo na ilinunua nini. Wa Bongo Movie hili linawahusu zaidi, maana filamu nyingi ziliuzwa moja kwa moja kwa msambazaji, mirabaha (malipo ya kila kazi inapotumika) hakuna.

Madeni nayo yanahesabiwa. Advansi ya lebo iliyojenga nyumba ni deni la familia. Advansi aliyopokea kwa albamu ambayo bado hajaifanya ni mzigo wake, akitaka uibebe nawe aonyeshe ilitumika nyumbani.

Kama ana kampuni, gari lililosajiliwa kwa jina la kampuni haligawanywi moja kwa moja. Kinachogawanywa ni hisa zake, basi fanya upekuzi BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), na hapohapo uulizie kama jina lake la kisanii limesajiliwa kuwa alama ya biashara. Nyumba ya Bunju: mama mkwe aunganishwe kwenye shauri, la sivyo hata ukishinda, hukumu haitamgusa mtu ambaye hakusikilizwa.

Mgawo hauji kabla ya talaka au amri ya kutengana, na maombi ya talaka kwa kawaida hayapokelewi bila cheti cha baraza la usuluhishi la ndoa kuonyesha limeshindwa kuwapatanisha. Mashauri yamefutwa kwenye mahakama za juu baada ya miaka kwa sababu ya karatasi hiyo moja. Kwa vile ushahidi wako mwingi ni wa kielektroniki, mimi ningefungua Mahakama ya Wilaya badala ya Mwanzo, kila picha ya skrini ikiambatana na maelezo ya ilitoka kifaa gani, nani aliitoa na lini. Asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na rufaa hiyo hupelekwa kwanza pale pale ilipotolewa hukumu.